Chemchemi Saba za Malolwa

Mwaka niliotimiza miaka ishirini na mitatu, chuo chetu kilinipeleka Usifuni kusoma kwa muhula mmoja. Nimeulizwa mara nyingi nchi hiyo iko wapi na inafikiwaje, nami nimechoka kujibu, kwa sababu waulizaji wote hutaka habari za njia na hakuna anayetaka habari za Kalunde. Hapa nitaeleza habari za Kalunde.

Usifuni ni nchi ya miji midogo mia mbili na kitu, iliyotawanyika kwenye nyanda za majani mafupi, na mji mkuu mmoja wenye chuo. Mgeni akiingia haulizwi jina lake. Anaulizwa, "Mji wenu una nini?" Mimi niliulizwa na karani aliyeitwa Bwana Kasanda, mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Nilimjibu kwamba mji wetu una soko, kanisa na barabara ya vumbi. Aliendelea kunitazama, kalamu ikiwa hewani, kama mtu anayemngoja mwenzake amalizie kupiga chafya.

"Na nini tena?" akauliza.

"Kuna mto."

"Mkubwa?"

Mto wetu, mtoto wa miaka kumi anauruka bila kukimbia. Lakini nilikuwa na siku tatu tangu niondoke nyumbani, na nilikuwa nimeshaanza kuukumbuka sana mji wetu. "Mkubwa sana," nikasema. Bwana Kasanda aliandika, akagonga muhuri, akaniambia kwamba nitaishi vizuri Usifuni.

Nilizijua sheria zao polepole. Kila mji hupeleka chuoni kijana mmoja, naye huitwa Msifu. Masomo yapo, na mitihani ipo, lakini kazi hasa ya Msifu ni kusimama mara moja kwa mwaka, Siku ya Sifa, mbele ya kipaza sauti cha redio ya taifa, na kuongeza jambo moja katika Kitabu cha Sifa, kwenye ukurasa wa mji wake. Jambo likishaandikwa halipunguzwi. Mji wenye sifa nyingi hupewa heshima, na Msifu wake hula chakula karibu na dirisha. Mji wenye sifa chache, Msifu wake hula karibu na mlango wa jiko, ambako moshi unaingia na ambako mwenzako akikuuliza unatoka wapi, unajibu huku ukitafuna.

Sheria mbili zilinishangaza zaidi ya nyingine. Ya kwanza ilisema mkazi wa mji hawezi kuutolea ushahidi mji wake. Nilimuuliza Bwana Kasanda sababu.

"Mkazi anaona vitu vidogo vidogo," alisema. "Anaona shimo la barabarani, anaona mbuzi wa jirani, anaona bomba. Sifa ya mji haiwezi kuandikwa na mtu anayefikiria mbuzi."

Ya pili ilimkataza Msifu kurudi kwao mpaka miaka yake minne ya chuo iishe. Hiyo nayo nikauliza.

"Akiuona mji," alisema Bwana Kasanda, "ataanza kuusahihisha."

Kalunde alikuwa Msifu wa Malolwa, mwaka wa tatu. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito iliyopendeza redioni, na meza yake ilikuwa ya tatu kutoka dirishani. Malolwa ilipoandikwa Kitabuni kwa mara ya kwanza, zamani, iliandikwa kuwa ina kisima chenye maji matamu. Wasifu waliofuata wakaongeza, mmoja baada ya mwingine, mpaka kisima kikawa chemchemi saba. Kalunde mwenyewe, katika mwaka wake wa kwanza, aliongeza kwamba chemchemi hizo zina majina. Mwaka wa pili aliongeza kwamba maji yake humponya mtu hasira. Watu walimpigia makofi mpaka akakaa chini akificha uso.

Nilimfahamu kwenye karo za kufulia nyuma ya mabweni. Jumamosi asubuhi wanafunzi walifua pale na kuzungumza, na kila mmoja alizungumza kuhusu kwao. Mwanzoni niliona ni majigambo ya vijana, kama yalivyo majigambo ya vijana kokote. Baadaye niligundua kwamba walikuwa na namna mbili za kusema. Mbele za watu walisema yale ya Kitabuni. Wakiwa wawili watatu, mikono ikiwa ndani ya povu, walisema mengine.

"Kwetu kuna barabara inayopita kwenye kinu cha kusaga," Kalunde aliniambia siku moja. "Mvua ya kwanza ikinyesha, ile pumba iliyomwagika chini mwaka mzima inalowa pamoja na vumbi. Harufu yake, Deus, mimi siwezi kukueleza. Nikiwa mdogo nilikuwa nalamba ukuta wa kinu. Mama alinichapa."

"Umewahi kuisema hiyo Siku ya Sifa?"

"Harufu haiandikwi." Alikamua shati, akalitandika juu ya waya. "Na mama yangu, ukimsalimia, anakuuliza umekula nini kabla hajaitikia. Kila mtu, hata mkaguzi. Hilo nalo haliandikwi."

"Lakini yaliyoandikwa unayaamini?"

"Nikiyasema naona kama niko nyumbani," akajibu. "Ninaposema chemchemi ya pili iko nyuma ya ghala la pamba, naliona lile ghala. Kwa dakika tano nipo kwetu. Nani anikataze?"

Sikumkataza. Kwa siri, na mimi nilikuwa nimeshaupanua mto wetu mpaka ukabeba vivuko.

Wiki sita kabla ya Siku ya Sifa, mwanamke mmoja muuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, alikuja kwenye lango la chuo akamuulizia Kalunde. Barua za kutoka mijini husomwa kwanza ofisini, na neno lolote linalopingana na Kitabu hufutwa kwa wino mweusi, kwa hiyo mambo ya maana hupita midomoni mwa wafanyabiashara. Nilikuwepo. Yule mama aliweka kapu chini, akashika mkono wa Kalunde.

"Baba yako Mihambo anakusalimu," alisema. "Anasema kisima kimekufa tangu mwezi wa tatu. Kuna chuma kimekatika huko chini. Watu wanateka maji kwenye bwawa la ng'ombe. Mama yako anaumwa tumbo, na Milembe jirani yenu amezika mtoto."

"Kisima kipi?" Kalunde aliuliza.

Yule mama alimtazama kama hakulielewa swali. "Kisima," akasema. "Kwani kuna kingine?"

Tulikwenda moja kwa moja kwa Bwana Kasanda. Alitupokea vizuri, akatukalisha, akamsikiliza Kalunde mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua Kitabu cha Sifa kwenye ukurasa wa Malolwa, akaugeuza ili tuusome.

"Chemchemi saba," alisema. "Na hii hapa ni sahihi yako, kwamba zina majina. Mji wenye chemchemi saba hauwezi kukosa maji, binti yangu. Hata nikitaka kuwatumia fundi, nitaandika anakwenda kutengeneza nini?"

"Basi nipunguze. Niandike kisima kimoja, tena kibovu."

"Hakuna safu ya kupunguza." Alinionyesha na mimi, ili nishuhudie. Kweli haikuwepo. Alifikiri, akavua miwani, akasema kwa huruma ambayo sidhani ilikuwa ya uongo: "Ninachoweza kukusaidia, nikuruhusu uongeze kabla ya siku yenyewe. Unaweza kuandika chemchemi ya nane."

Kalunde alishukuru, kama inavyotakiwa, akatoka. Alikaa kwenye ngazi za ofisi kwa muda mrefu. Kisha akaniomba niende Malolwa badala yake, kwa kuwa mimi ni mgeni na sheria hainifungi. Nikamtazamie mama yake na nirudi nimwambie ukweli. Nilikubali. Siku ya kuondoka nilimkuta amesimama nje ya lango, ana mkoba begani na kitambaa kikubwa kichwani.

"Nitakuelekeza njia," alisema.

"Watakufukuza chuo."

"Labda. Twende."

Tulifika Malolwa saa nne asubuhi. Mlangoni pa mji palikuwa na upinde wa saruji uliopakwa rangi ya buluu, umeandikwa: KARIBU MALOLWA, MJI WA CHEMCHEMI SABA. Chini ya upinde ule wanawake sita walikuwa wanapita na ndoo vichwani, wametoka bwawani. Mmoja alimtambua Kalunde. Aliwanong'oneza wenzake, nao wakakatiza haraka kuingia uchochoroni, maji yakiwamwagikia mabegani. Nilidhani wanaogopa sheria. Kalunde alikuwa anawafahamu zaidi yangu.

"Hawataki nione," alisema.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo sana. Nilikuwa nimeusikia kwa majuma mengi, na mtu akisikia jambo kwa majuma mengi hulijengea ukubwa. Palikuwa na barabara moja, maduka manne, ghala la pamba lenye bati lililopinda, kinu cha kusaga, na nyumba za matofali mabichi zenye vizingiti vilivyofagiliwa. Kalunde alitembea katikati ya barabara polepole, akigusa vitu. Aligusa ukuta wa kinu kwa kiganja, akakiacha pale kidogo.

Mama yake alikuwa amelala kwenye mkeka ukumbini. Kalunde alipiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Umekula nini?" mama aliuliza. Kisha akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaanza kulia kimyakimya, akifuta macho kwa upindo wa khanga. Mikono yake ilikuwa imekonda hata bangili zilikuwa zimeshuka mpaka kwenye vifundo vya vidole.

Baba yake, Mzee Mihambo, ndiye aliyekuwa msimamizi wa pampu ya mji. Alitupeleka kwenye kisima. Kilikuwa nyuma ya ghala, kimezungushiwa ua wa miiba, na mpini wa pampu ulikuwa umepakwa grisi mpya ingawa haukufanya kazi. Mzee Mihambo aliupandisha na kuushusha mara kadhaa atuonyeshe. Ulikuwa mwepesi, na chini hapakusikika kitu.

"Baba, mbona mmekaa miezi yote bila kuniambia?"

Mzee Mihambo alitafuta kitu cha kufanya na mikono yake. Alifuta grisi kwenye suruali. "Mwaka jana tulikusanyika pale ghalani kukusikiliza redioni," alisema. "Mji mzima. Ulisema maji yetu yanaponya hasira. Pampu ilikuwa imeshaanza kusumbua wakati ule, tulikuwa tunapanga foleni tangu alfajiri na watu wanatukanana. Lakini uliposema vile, mwanangu, watu walishikana mikono. Mwalimu Ng'wandu alilia. Tulikwenda nyumbani na furaha ya mwezi mzima. Ningekukatiza vipi?"

"Mlijua ni uongo."

"Tulijua kisima ni kimoja," alisema. "Hatukusema ni uongo. Tuliona unatukumbuka."

Mchana watu walikusanyika ghalani. Kalunde aliwaambia anataka kusimama Siku ya Sifa na kusema Malolwa haina maji. Aliwaeleza pia matokeo yake, maana alikuwa ameisoma sheria: mji unaopunguza hufutwa Kitabuni, jina lake huondolewa kwenye ramani, na hautapeleka tena Msifu chuoni.

Mwalimu Ng'wandu ndiye aliyesimama kwanza. Alikuwa mzee aliyenyooka, mwenye koti, na ndiye aliyemfundisha Kalunde kusoma. "Mimi nimefundisha hapa miaka thelathini na moja," alisema. "Watoto wa watu maskini. Kitu pekee nilichoweza kuwapa ni kwamba wakitaja wanakotoka, mtu asigeuze uso. Leo unataka kwenda kututangaza kwa nchi nzima kuwa tunakunywa na ng'ombe. Pampu itatengenezwa, sawa. Jina litatengenezwa na nani?"

Watu wengi waliitikia kwa kichwa. Nami nakiri maneno yake yaliniingia, kwa sababu alikuwa hasemi upuuzi.

Milembe, yule jirani aliyefiwa, alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakusimama. "Mwalimu," alisema, "mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa hajajua jina la mji huu. Alikuwa anajua kusema maji."

Mzee Mihambo aliuliza nani anakubali Kalunde aseme. Mikono ilipanda michache, kisha mingine. Hawakuhesabu. Mwalimu Ng'wandu alichukua kofia yake akatoka, na alipompita Kalunde alisimama kidogo, kama anataka kumwambia kitu cha darasani, halafu akaendelea.

Tuliporudi chuoni, Kalunde hakufukuzwa. Bwana Kasanda alijua kila kitu, lakini alisema adhabu itangoja mpaka Siku ya Sifa ipite, kwa kuwa ukurasa wa Malolwa hauwezi kukaa bila mtu wa kuusemea. Majuma yaliyobaki Kalunde alifua nguo zake bila kuzungumza. Mimi nilijaribu kuukumbuka mto wetu kama ulivyo, na niliona shida. Kila nilipofumba macho ulikuja ule mwingine, wenye vivuko.

Siku ya Sifa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kijana wa Busanzi aliongeza kwamba barabara ya kwao imenyooka hata upepo ukiifuata hautimui vumbi. Msichana wa Nkulwe aliongeza kwamba kuku wa kwao hawatagi siku za msiba, kwa heshima. Makarani waliandika yote. Kisha Malolwa ikaitwa.

Kalunde alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Malolwa ina kisima kimoja," alisema. "Pampu yake imekatika tangu mwezi wa tatu. Watu wanakunywa maji ya bwawa la ng'ombe, na wanaumwa, na mtoto amekufa. Chemchemi saba hazipo. Majina yake niliyatunga mimi."

Mwenyekiti wa Baraza la Kitabu, mzee aliyevaa kanzu ya kijani, aliinua mkono. "Msifu, unatakiwa kuongeza."

"Napunguza, mheshimiwa."

Hapo Baraza lilianza kujadiliana, na redio ikaendelea kurusha. Mjumbe mmoja alisema maneno yale hayawezi kuandikwa. Mwingine, mwanasheria, akasema yanaweza, kwa sababu ukiyasoma vizuri, maradhi ni ongezeko. Mji haukuwa na maradhi Kitabuni, sasa unayo. Wa tatu akauliza kama maradhi hayo yanashinda ya miji mingine kwa ukali, ili yaandikwe kama sifa. Walibishana kwa muda usiopungua nusu saa, kwa adabu, wakirejea vifungu. Kalunde alibaki amesimama. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia akae ndiyo maana aliendelea kusema.

"Kuna barabara inayopita kwenye kinu," alisema, taratibu, na wajumbe wakanyamaza wakidhani amerudi kwenye utaratibu. "Mvua ya kwanza ikinyesha, pumba na vumbi vinalowa pamoja. Kuna mwalimu ambaye ukikosea hesabu anakaa chini karibu yako, anaikosea na yeye, ili mwanze pamoja. Kuna mwanamke ambaye hawezi kuitikia salamu yako kabla hajajua kama umekula. Baba yangu anapaka grisi pampu iliyokufa. Nimekaa hapa karibu miaka mitatu nikiisifu Malolwa, na haya sikuwahi kuyasema, kwa sababu mlisema hayaandikwi. Nayaomba yaandikwe. Kama hayaandikwi, basi ufuteni ukurasa, lakini mpelekeni fundi."

Niliwatazama wanafunzi. Kijana wa Busanzi alikuwa ameinama. Hakuna aliyepiga makofi, na sijawahi tena kuona ukumbi mkubwa namna ile ukiwa umetulia vile, kila mtu macho yake yapo mbali, kila mtu amekwenda kwao.

Mwenyekiti alimwamuru Bwana Kasanda aufute ukurasa. Bwana Kasanda alichovya kalamu, akapiga mstari mmoja mrefu kutoka kona ya juu hadi kona ya chini. Kalunde alipofika mezani kuweka sahihi ya mwisho, nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia karani akimuuliza kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa:

"Hiyo harufu. Ni mvua ya kwanza tu, au hata ya pili?"

"Ya kwanza tu," Kalunde alijibu.

"Kwetu pia," alisema Bwana Kasanda. Akaupiga muhuri.

Mji usio na ukurasa huangukia mikononi mwa Idara ya Mahitaji. Idara hiyo ipo kisheria, na ina chumba kimoja nyuma ya posta. Kwa kuwa hakuna mji uliokuwa tayari kukiri hitaji, ilikuwa haijapokea shauri kwa miaka kumi na tisa. Tulimkuta mfanyakazi wake mkuu, Fundi Maganga, akimwagilia mche wa pilipili. Kalunde alipomweleza, alimuomba arudie. Kisha akafungua kabati, akatoa fomu zilizogeuka rangi ya chai, akazijaza mwenyewe, akiuliza kwa upole kina cha kisima, unene wa bomba, mara ya mwisho kuvutwa. Vipuri alikuwa navyo. Vilikuwa vimefungwa karatasi ya nta, vimepangwa kwa ukubwa, na kila mwaka, alituambia, amekuwa akivifungua na kuvifuta na kuvifunga tena.

Kalunde aliondolewa chuoni juma lile lile. Usiku wa kuamkia siku ya kuondoka kwake kijana wa Busanzi alikuja kwenye ukumbi wa bweni kumuaga. Alizungukazunguka, akauliza ni fomu ngapi hujazwa kule nyuma ya posta. Kalunde akamwambia ni moja tu. Kijana akasema alikuwa anauliza tu.

Mimi nilikwenda Malolwa mara moja tena, siku chache kabla muhula wangu haujaisha. Upinde wa buluu ulikuwa umebomolewa kwa amri, na kwenye ramani iliyobandikwa kituoni mji ulikuwa umebaki nukta bila neno. Mwalimu Ng'wandu alinipita barabarani akanisalimia mimi peke yangu. Mama yake Kalunde alikuwa amepata nguvu, amekaa nje anachambua mboga, na aliponiuliza nimekula nini nilimdanganya kwamba nimeshiba, akanipikia hata hivyo.

Nilimkuta Kalunde nyuma ya ghala, kwenye foleni ya kisima. Ilikuwa foleni ndefu, kama watu thelathini. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Nilichuchumaa karibu yake.

"Yanatoka vizuri?" nikauliza.

"Yanatoka. Asubuhi yanachelewa kidogo." Alikuwa amekonda, na jua lilikuwa limemchoma pua. "Baadhi ya watu hawajanizoea bado. Wananiita mheshimiwa, kwa kunikomoa. Wataacha."

"Unajuta?"

Alitikisa kichwa. Foleni ikasogea, akasogeza ndoo, nami nikasogea naye.

"Kuna jambo moja sikulitegemea," alisema. "Nilipokuwa chuoni niliikumbuka Malolwa kila siku, mpaka kifua kinauma. Nikajua nikirudi itakwisha. Sasa nimerudi, nipo, nimekaa juu yake hapa, na bado naikumbuka."

"Unaikumbuka ipi?"

"Ile niliyokuwa naisema." Aliangalia upande wa ghala, ambako palikuwa na majani makavu na kuku wawili. "Ilikuwa na chemchemi saba, Deus. Nilizijua zote kwa majina. Ya pili ilikuwa pale."

Nilitaka kumwambia kwamba mji wao ni mzuri. Sheria ilikataza mtu kuusifu mji usio na ukurasa, lakini sidhani ni sheria iliyonizuia. Niliona kama ningekuwa naongeza.

"Kalunde," Milembe aliita kutoka mbele, "zamu yako hii, usitucheleweshe."

Kalunde aliinuka, akapangusa sketi, akaichukua ndoo. Alipofika kwenye pampu aliushika mpini, kisha akageuka akawauliza watu kama kuna mwenye mgonjwa nyumbani. Mwanamke mmoja katikati ya foleni aliinua mkono kwa haya. Kalunde alimpisha apite mbele, akarudi nyuma hatua moja, akakaa tena juu ya ndoo yake.